Hospitali Iliyojifichia Mashuka

Binti alipoingia mara ya kwanza kwenye jengo la kufulia nguo za hospitali, madobi walimtazama kama kuku anavyomtazama mgeni. Mgeni akishabisha hodi, kuna mmoja atakayeingia chunguni.

Alikuwa anasomea saikolojia ya tiba, yuko mwaka wa mwisho, na chuo kilikuwa kimempeleka pale kujifunza kazi. Hakushika sindano wala kile chombo cha kusikilizia kifua. Mkuu wa madobi alimuuliza, sasa yeye anatibu kwa kutumia nini, naye akajibu kwa adabu kwamba anatibu kwa mazungumzo. Kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameshapewa jina: Daktari wa Maneno.

Mkuu huyo wa madobi naye alikuwa na jina lake, Mzee Povu, na sabuni haikuwa sababu peke yake. Akiudhika, mdomo wake ulifanya kazi kuliko mashine zake. Na mwaka ule aliudhika kila siku, kwa sababu mashuka ya hospitali yalikuwa yanapotea. Yalikuwa yanaenda wodini meupe, yamekunjwa, yananukia jua, halafu hayarudi. Wagonjwa walilala juu ya magodoro matupu ya plastiki, yale yanayonata mgongoni mtu akigeuka. Manesi walisema madobi wanayapoteza. Madobi walisema manesi hawayarudishi. Kila asubuhi kwenye dirisha la kutolea nguo palikuwa na kelele utadhani mnadani.

Mkurugenzi wa hospitali alichoka. Akatamka kwamba hali isipobadilika mpaka mwisho wa mwezi, jengo la kufulia linafungwa, kazi inapewa kampuni ya nje, na madobi wote wanarudi makwao. Matroni, aliyekuwa juu ya manesi wote, akashauri kwamba pengine watu wana hasira tu, waletewe mtu wa kuwatuliza kwanza. Ndiyo maana binti akaletwa.

"Binti yangu," Mzee Povu alimwambia siku ile ile, huku anafuta mikono kwenye aproni, "mimi sina wazimu. Nina mashine, nina watu, na mwisho wa mwezi tunafukuzwa. Kama maneno yako yanaweza kulitibu hilo, tibu. Kama hayawezi, usitupotezee muda, tuna nguo ndani ya maji."

Binti akasema atafanya kila analoweza. Kusema ni rahisi. Alirudi nyumbani ameishika ile ahadi kama mtu aliyepewa kaa la moto na hajaambiwa aliweke wapi.

Nyumbani alikuwa akikaa kwa mama yake mdogo, mwanamke mnene, mcheshi, fundi cherehani, ambaye hakuwahi kuielewa vizuri kazi ya mpwa wake na hakuona haya kulisema hilo. Jioni ile alimsikiliza, pini zimejaa mdomoni, kisha akazitema kiganjani moja moja. Akasema yeye amemsikiliza baba mdogo tangu siku ya ndoa, na hakuna chuo kilichomletea cheti. Binti alicheka mpaka akasahau kaa lake.

Kesho yake akaanza kazi kama alivyofundishwa. Alipewa chumba nyuma ya duka la dawa, stoo ya zamani, viti viwili na meza yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha boksi. Akatangaza kwamba yeyote anayehusika na mashuka, awe dobi, awe nesi, aje waongee, na litakalosemwa mle ndani halitatoka nje. Hiyo ni sheria ya kazi yao. Siri ya mgonjwa ni kama jino lake, huwezi kuling'oa ukaenda kulionyesha watu.

Wa kwanza kuja alikuwa sista wa wodi ya wazazi, mrefu, mpole, macho mekundu. Alikaa, akakunja mikono, akaikunjua. Mwishoni akasema halali vizuri, kwa sababu juu ya dari ya wodi yake kuna mashuka. Ameyaficha yeye mwenyewe, kwa ngazi. Anajua ni vibaya, lakini mama akijifungua saa yoyote lazima kitanda kiwe na shuka, na ukiyarudisha kwa Mzee Povu huna hakika ya kuyaona tena, wodi nyingine zitayachukua. Akalia.

Binti alimsogezea karatasi laini ya kufutia machozi. Akamwambia asijilaumu, kwamba alilifanya kwa kuwapenda wagonjwa wake. Sista akapumua kama mtu aliyetua ndoo. Akatoka amenyooka.

Wa pili alikuwa sista wa wodi ya watoto, ambaye wenzake walimwita Kicheko kwa vile alikuwa anacheka hata akikanyagwa. Yeye alificha chini ya magodoro, kila godoro limelalia rundo la mashuka, watoto wako juu juu kama wafalme. Alicheka akilieleza, halafu machozi yakamtoka katikati ya kicheko. Naye akaambiwa asijilaumu. Akaja sista wa wodi ya upasuaji, ambaye mashuka yake yalikuwa ndani ya sanduku refu lililoandikwa kwamba lina mitungi ya oksijeni. Akaja wa wodi ya wazee. Yule hata hakuficha mbali, wagonjwa wenyewe walikuwa wanayakalia vitini, yamefungwa ndani ya foronya kama mito.

Kila mmoja alikuja peke yake na kuona haya peke yake. Kila mmoja aliamini kwamba wenzake wote ni watu waaminifu na yeye ndiye mwizi pekee wa hospitali nzima. Na kila mmoja alitoka mle stooni mwepesi kama unyoya.

Binti alifurahi. Alisikia kwa mara ya kwanza kwamba kazi imemkubali. Kwenye korido watu walimsalimia kwa tabasamu, na kelele za dirishani zilipungua kweli. Alipokwenda kwa madobi kuona matunda ya kazi yake, aliwakuta wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, mashine zimezimwa. Rafu za mashuka safi zilikuwa tupu. Hata zile za juu kabisa, ambazo tangu zamani zilikuwa na akiba kidogo.

Mzee Povu hakutoa povu. Hilo lilimtisha binti kuliko matusi.

"Daktari," alisema taratibu, "sikatai, umefanya kazi. Zamani walikuwa wananitukana na mashuka mawili matatu wananirudishia. Tangu uje, wananiombea afya njema, wananiuliza na watoto hawajambo, na hawanirudishii hata kitambaa cha kufutia pua. Umewafanyaje?"

Binti alisimama pale katikati ya harufu ya sabuni, akaelewa. Kilichokuwa kinawazuia wale masista wasifiche kila kitu ni ile haya iliyowanyima usingizi. Na yeye haya ile ameitibu. Ameitibu vizuri, mmoja baada ya mwingine, mpaka imepona. Sasa wanaficha bila kujilaumu.

Na alijua yalipo. Hapo ndipo penye uchungu. Angeweza kumshika Mzee Povu mkono akamtembeza, dari hii, sanduku lile, godoro lile, na kabla ya jua kuzama rafu zikajaa. Lakini hakuweza kufungua mdomo. Mwezi ulikuwa umebakiza wiki moja na siku kidogo.

Ijumaa wanafunzi wote waliokuwa kazini walirudi chuoni kukutana na mwalimu wao. Walikaa kwa duara, kama desturi yao, na kila mmoja akaeleza lililomshinda bila kutaja mtu wala sehemu. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mfupi, aliyevaa miwani kwenye kamba, na jina lake huko nyuma ya mgongo lilikuwa Bi Kwa Nini. Binti alieleza yake akiangalia viatu vyake. Alipofika pale pa watu kuacha kujilaumu, wenzake walianza kubana midomo.

Bi Kwa Nini aliuliza kwa nini wale watu wanaficha.

"Wanaogopa kukosa."

"Na kwa nini wanakosa?"

"Kwa sababu..." Binti akasita. "Kwa sababu wanaficha."

Duara lote likaangua kicheko, na binti naye akacheka, maana hata yeye alilisikia lilivyozunguka. Mwalimu alisubiri wamalize. Kisha akasema neno ambalo baadaye wanafunzi waliligeuza salamu yao. Alisema, "Nyumba ikijaa moshi, kila mtu atakohoa. Ukiwapa dawa ya kikohozi mmoja mmoja, utamaliza dawa na moshi utaendelea. Mimi sijawahi kuwafundisha mtibu vifua tu. Nendeni mkaulize nani anapika, anapikia nini, na kwa nini kuni ni mbichi."

Akamgeukia binti, akamwambia kwamba siri za watu si zake kuzitoa, na akizitoa asirudi kwenye lile duara. Lakini hakuna sheria inayokataza wenye siri kukutana. Wamekuwa wakionana dirishani tu, wakigombana. Awakutanishe. Hakumwambia awakutanishe vipi, na binti alipouliza, alijibiwa kwa swali, kama kawaida.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa Matroni. Ofisi ya Matroni ilikuwa safi mpaka mtu anaona aibu kupumua. Binti alieleza kwamba anaomba masista wa wodi zote na madobi wakae pamoja, mara moja tu, na wakae kwenye jengo la kufulia, si ofisini. Matroni akauliza kama yeye, kwa umri wake, anatakiwa akakae kwenye mvuke. Binti akasema ndiyo, mama, hasa wewe. Kisha akaomba lile alilokuja nalo moyoni: Matroni aahidi mbele ya wote kwamba litakalosemwa pale halitampa mtu adhabu.

Matroni akakataa. Akasema mwizi hasamehewi kabla hajakamatwa, kwamba leo watasamehe mashuka, kesho vitanda vitatembea. Binti hakubishana. Alikaa. Kukaa kimya alikuwa amefundishwa vizuri, na hata kabla ya chuo alikuwa mtu wa kuangalia na kusubiri. Baada ya muda akauliza tu, kwa sauti ya chini, kama inawezekana watu wazuri wakafanya jambo baya kwa sababu kila mtu anamwogopa mwenzake.

Matroni alitazama dirisha. Akatazama kabati lake. Akatazama dirisha tena.

"Hakuna atakayeadhibiwa," alisema. "Awe nani awe nani. Hiyo iandike kichwani mwako, binti. Awe nani awe nani."

Binti alishukuru, akatoka, huku anajiuliza kwa nini ameambiwa mara mbili.

Walikutana siku ya pili yake, mchana, wakati wagonjwa wengi wamelala. Madobi walisimama upande wa mashine, masista upande wa mlango, na katikati palibaki uwazi ambao ng'ombe angeweza kupita bila kugusa mtu. Matroni alikaa kwenye kiti pekee. Alitoa ahadi yake kwa sauti kavu, kisha akamkabidhi binti uwanja.

Binti alikuwa ameandaa maneno mengi, yote akayaacha. Akasema ukweli tu. Kwamba amemsikiliza kila mtu peke yake na hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kwa kuwa shida hii haikai ndani ya mtu mmoja. Kwamba hatasema aliyoyasikia, hata leo. Ila anaomba jambo dogo. Wote wafumbe macho, yeye pia atafumba, na yeyote ambaye ana shuka mahali ambapo shuka halitakiwi kuwa, anyooshe mkono.

"Sasa kama wote tumefumba," Mzee Povu akauliza, "nani ataona?"

"Hakuna, mzee wangu. Kila mtu ataujua wa kwake."

"Haya. Mchezo wa watoto, lakini haya."

Wakafumba. Na binti akiwa amefumba alijiona mjinga kuliko watu wote, maana aligundua hana habari ya kitakachofuata. Hakuona kitu. Hakujua kama kuna mkono umeinuka au watu wamekaa wanamcheka kimoyomoyo.

Sasa, kuna jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Madobi wale, pamoja na shida zao zote, walikuwa wanajivunia sare. Sare za manesi walizitia wanga mpaka zinasimama zenyewe, na aproni zao wenyewe hivyo hivyo. Nguo iliyotiwa wanga haiwezi kuinuka kimya. Ndani ya ule ukimya pakasikika upande wa mlango, kwaru. Mkono mmoja. Pakatulia. Kisha kwaru, mwingine. Kisha kwaru, kwaru, kwaru, kama mtu anapita kwenye majani makavu. Ikahamia upande wa mashine. Kwaru. Halafu, peke yake, taratibu, kutoka kwenye kiti pekee mle ndani, kwaaaru.

Kicheko ndiye aliyeshindwa. Kwanza alitoa sauti ya puani. Akajibana. Ikamponyoka tena, na safari hii ikatoka yote, na walipomsikia yeye, wengine wakafuata, macho bado yamefumbwa, mikono bado iko juu, watu wazima wanatikisika. Hakuna aliyewaambia wafumbue. Walifumbua wenyewe. Wakaona msitu wa mikono. Wakaona mkono wa Mzee Povu. Wakaona wa Matroni, umenyooka kama wa mtoto anayejua jibu.

"Mzee Povu, hata wewe?" sista wa wodi ya wazazi alisema.

"Nyuma ya tanki la maji ya moto," Mzee Povu alisema bila kushusha mkono. "Furushi moja. Nilijua hamtarudisha kitu, nikasema niwe na yangu." Akafikiri kidogo. "Mawili."

Kisha wote wakamgeukia Matroni. Matroni alirekebisha kofia yake. Akasema kabati la ofisini kwake halina mafaili kwa muda mrefu sasa, lina mashuka mapya ambayo alikuwa anayatunza kwa ajili ya wageni wakubwa, na wageni wakubwa hawakuja. Nyani haoni kundule, akasema, na safari hii alicheka mwenyewe kabla ya wengine.

Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa. Ngazi ikaletwa wodi ya wazazi, na vumbi la dari likawashukia akina mama wajawazito, ambao walikuwa wanashangilia kila furushi likidondoka kama wanatazama mpira. Sanduku la oksijeni likafunguliwa. Wodi ya watoto vitanda vilishuka, na mtoto mmoja akalalamika kwamba sasa haoni dirisha. Wodi ya wazee babu mmoja aligoma kuinuka juu ya mto wake, akitaka kwanza aambiwe kama hospitali inahamishwa. Toroli zilipishana kwenye korido. Mashine zote ziliwashwa, na kamba zilipojaa walifunga nyingine kutoka mti hadi mti, kutoka nguzo hadi nguzo ya uzio, mpaka uwanja wa hospitali ukawa mweupe mtupu.

Mkurugenzi alikuwa anarudi kutoka mkutanoni. Alisimama getini, akavua miwani, akaivaa. Swali lake la kwanza lilikuwa nani ameidhinisha manunuzi makubwa namna hii bila saini yake.

Matroni alimweleza yote, na hakujitoa mwenyewe kwenye hadithi. Mkurugenzi alisikiliza, akasema siku moja si mwezi, na watu wakifurahi leo wanaweza kuficha kesho. Ataangalia mpaka siku aliyoitaja. Ikiwa wagonjwa wanalala kwenye mashuka mpaka siku hiyo, atajua la kufanya.

Neno lake lilikuwa na haki, na binti alilijua. Kwa hiyo kesho yake hakurudi stooni. Alikaa na masista na madobi juu ya ndoo zile zile, wakauliza kwa nini mpaka wakachoka. Ikaonekana kwamba ile desturi ya nesi kuja dirishani kuomba ndiyo iliyozaa hofu, maana anayeomba anaweza kunyimwa. Wakaigeuza. Kila asubuhi dobi atasukuma toroli mpaka wodini, mashuka safi ndani, hata kama hakuna aliyeomba, na ataondoka na machafu. Wodi ikizidiwa, itaazima kwa jirani mchana kweupe. Hilo tu. Matroni alitaka kuongeza kanuni nyingine kadhaa, Mzee Povu akamwomba kwa heshima zote apumzike.

Siku ya kwanza ya toroli, Kicheko alijikuta amesukuma mashuka mawili chini ya godoro bila kufikiri, mkono tu umezoea. Alitoka mbio kwenye korido kumfuata dobi, anacheka, anayapeperusha. Siku ya tatu hakuna aliyekimbia. Siku zilizofuata watu walianza kusahau kwamba kulikuwa na ugomvi, na dirisha la kutolea nguo paka akalifanya kitanda.

Nyumbani, mama mdogo alisimuliwa habari yote na akataka kuonyeshwa ile sauti ya wanga. Binti akamwonyesha kwa kipande cha kitambaa kigumu cha kola. Mama mdogo alicheka, kisha akasema polepole kwamba kumbe kazi yenyewe ndiyo hiyo, si kumwambia mtu pole. Binti akasema pole nayo imo, ila haitoshi.

Siku iliyotajwa ilifika. Mkurugenzi alipita wodi zote akiwa na Matroni na binti, anainua blanketi hili na lile kwa ncha ya kidole. Bi Kwa Nini naye alikuja siku hiyo kumkagua mwanafunzi wake, akatembea nyuma yao na miwani yake ya kamba. Walimalizia kwenye jengo la kufulia. Madobi walikuwa wamejipanga. Mkurugenzi alisema kwa kifupi kwamba kampuni ya nje ameshaiandikia kuishukuru, na haitakuja. Akaongeza kwamba mashine moja inavuja, ishughulikiwe, na akaenda zake.

Madobi wakakumbatiana, na masista waliokuwa wanachungulia mlangoni wakaingia bila kukaribishwa. Bi Kwa Nini alimtazama mwanafunzi wake. Binti alisubiri swali. Halikuja. Mwalimu alimpiga bega tu, mara moja, kama anapanguza vumbi.

Mzee Povu hakusherehekea kwa maneno. Alikwenda kwenye rundo la mashuka yaliyokauka, akavuta moja, akatafuta ncha zake. Shuka la hospitali ni kubwa, mtu mmoja hawezi kulikunja likakaa sawa. Alimwita binti kwa kidevu.

"Shika huko. Si hivyo, vuta, likaze. Haya, njoo kwangu."

Binti akaja, ncha zikakutana. Akarudi nyuma, akaja tena. Pembeni yao Matroni alikuwa ameshashika shuka na dobi mmoja, Kicheko na mwingine, na muda si mrefu jengo zima watu walikuwa wawili wawili, wanaendeana na kuachana, wanaendeana na kuachana, na rafu zinajaa kuanzia chini.